Kulabu za Sumaku kwenye Chumba cha Bibi Mkubwa

Wenzake walimwita Mama Hatamu, maana ilikuwa nadra kumkuta bila hatamu begani. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kutunza farasi katika banda refu la bati, vyumba vimepangwa pande zote mbili za ujia. Alifanya kazi hiyo pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa mizaha ambaye kicheko chake kilimtangulia kila aendako.

Wiki ile Mama Hatamu alikuwa amenunua kulabu za sumaku. Zilimfurahisha mno: unabandika tu kwenye chuma, hutoboi wala hugongei misumari. Mbili alizibandika upande wa ndani wa mlango wa chuma wa Bibi Mkubwa, farasi jike mwenye mimba iliyokwisha kukomaa, akatundika ndoo ya maji.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa bado ujiani, alisikia chuma kikigonga saruji. Alichungulia. Bibi Mkubwa alikuwa akizunguka chumbani, masikio yamelala nyuma, shingo imelowa jasho. Ndoo imepinduka, nyasi zimechakurwa zikajaa pembeni. Kila alipokanyaga, mguu mmoja wa nyuma ulilia kang, na kila ulipolia alizidi kutimka. Mlangoni hapakuwa na kulabu hata moja.

Mama Hatamu alielewa. Uzito wa ndoo ulikuwa umezing'oa kulabu, na moja ilikuwa imenata kwenye kiatu cha chuma cha yule farasi. Mumewe alichechemea mpaka siku ya kufa kwake kwa sababu ya teke la farasi aliyeingiwa na hofu.

Alimpigia simu daktari wa mifugo. Daktari alisema anakuja, ila asisubiriwe, kwani ncha ya kulabu ingeweza kumtoboa farasi unyayo. Alipoambiwa kulabu zilikuwa mbili, akauliza ya pili iko wapi. Mama Hatamu akasema haioni. Daktari akamweleza kwamba farasi akimeza sumaku pamoja na kipande kingine cha chuma, vitatafutana humo tumboni na kuubana utumbo katikati.

Wifi alirusha kamba mpaka akamnasa Bibi Mkubwa shingoni, akaizungushia nguzo. Mizaha yote ilikuwa imemkauka.

"Nikianguka usinifuate ndani," Mama Hatamu alimwambia. "Fungua mlango atoke."

"Wifi, tumngoje daktari."

"Atajichoma."

Aliingia akiongea polepole, maneno yasiyo na maana yoyote, mkono ukiteleza kutoka mgongoni hadi mguuni. Aliinua kwato. Kulabu ilikuwa pale, ncha imeelekea unyayo. Akaivuta, ikagoma. Farasi akatikisika mwili mzima. Mama Hatamu akafumba macho, akaisukuma kando badala ya kuivuta, na ikatoka.

Lakini ya pili haikuonekana. Walizoa nyasi zote kwa toroli huku wakizipapasa, wakapekua mavi kwa vidole. Bibi Mkubwa alikataa kula, akawa anageuka kutazama ubavu wake kama farasi aumwaye tumbo. Daktari alipofika aliweka kipimo tumboni, akasikiliza muda mrefu. Mama Hatamu alisimama kando, akihesabu moyoni viumbe wawili ambao huenda amewaua kwa uvivu wa kutoboa tundu.

Wifi alikwenda kumwaga toroli. Alirudi taratibu, ngumi imefumbwa.

"Iko hapa, wifi. Nyasi zilimwagika zote, yenyewe ikabaki imeng'ang'ania chuma cha toroli."

Daktari aliigeuzageuza, akaona sumaku ni nzima, haikumeguka; akasema hakuna kilichomezwa, farasi ameshtuka tu. Hapo Mama Hatamu akaketi sakafuni na kulia bila sauti.

Ndoo sasa zimefungwa kwa bolti. Kulabu zimehamia ukuta wa bati mwishoni mwa ujia, juu, mahali ambapo shingo ya farasi haifiki, na zinabeba brashi tu. Mama Hatamu hufuta vumbi kwanza ndipo abandike, kisha huzivuta kwa nguvu kujaribu. Bibi Mkubwa alizaa salama dume lenye miguu mirefu. Wifi amerudia mizaha yake, lakini chuma kikianguka popote bandani, wote wawili hunyamaza na kusikiliza.