Kampuni Iliyotaka Jina Langu

Darasa la tatu sikulimaliza, lakini jina langu naliandika. Nilipewa jandoni, la mjomba wangu, na lile la utotoni nikaliacha hukohuko. Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi, nikaliandika kwenye magunia yangu. Miaka baadaye binti yangu, ndiye aliyesoma, akalifungulia anwani ya intaneti. Wateja wa mbali wote walitupata kwa anwani hiyo. Ikipotea, na wao wamepotea.

Ikaja kampuni ya biskuti ya Dar es Salaam. Eti jina ni lao, wameliandikisha, na mimi nimewahi anwani ili niwauzie. Watu wenyewe nilikuwa siwajui, na biskuti zao sijawahi kula.

Wakamtuma wakili mpaka Masasi, viatu vinang'aa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Tuachie anwani tu, mzee. Kwenye magunia tutakuruhusu uendelee kulitumia jina."

"Mtaniruhusu jina langu?"

"Kwa maandishi kabisa."

"Hiyo kampuni yako iliingia jando lini?"

Binti yangu akatazama chini. Wakili akasema kampuni haitahiriwi.

"Basi bado mtoto," nikamwambia. "Mtoto hamnyang'anyi mtu mzima jina."

Wakapeleka shauri kwa wasuluhishi wa anwani hizo, watu wasiomwona mtu uso, wanasoma karatasi tu. Nilitakiwa kuonyesha kwamba nilijulikana kwa jina hilo kabla yao. Wakili alijua mzee kama mimi hana karatasi, na kweli sikuwa nayo. Nikaenda Chiwata kumchukua mwenzangu wa jandoni, nikampakia bodaboda, akaapa mahakamani kwamba jina hilo nilipewa jandoni, akaweka dole gumba kwenye hati ya kiapo. Binti akaituma hati ile pamoja na picha za magunia ya zamani.

Tukashinda. Uamuzi wa kurasa tisa nzima, kusema tu kwamba ninaitwa ninavyoitwa.

Wasomi wale wa kampuni hawakujua kwamba kwetu jina huombwa. Newala kuna wavulana watatu wenye jina langu. Baba zao walikuja na kuku na unga, wakaomba, nikawapa. Wa biskuti wangekuja hivyo tungekaa tukaongea. Wao wakaona kuku ni ushamba, wakili ndio ustaarabu.

Sasa anwani yao imebidi ianze na neno biskuti. Wateja wao wakilisahau, wanaangukia kwetu, na binti yangu huwajibu kwa adabu kwamba hapa tunauza korosho.