Mtu wa Mwisho Kwenye Picha

Chumba cha kompyuta pale kituoni kwetu Homa Bay kiliingiwa bila viatu. Sijui nani aliitunga sheria hiyo, lakini sote tuliifuata, hata Sista, mtawa mzungu aliyeileta kompyuta yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kompyuta ilivalishwa kitambaa tulichokidarizi wenyewe, chenye tausi mbele, na kukivua kila asubuhi ilikuwa kazi yangu. Wanawake wa kituo walidarizi vitambaa vya viti na vya meza kwa mishono ya msalaba, uzi ukikatiza juu ya uzi. Mimi niliwachorea michoro kwa programu aliyokuja nayo Sista kutoka kwao.

Programu ile iliugawa mchoro kuwa vijiraba, kila kijiraba mshono mmoja. Juu kulikuwa na alama ya lenzi yenye kujumlisha na nyingine yenye kutoa. Ukibonyeza ya kujumlisha, vijiraba vinakua. Ukibonyeza ya kutoa, vinarudi kuwa ua. Pembeni na chini kulikuwa na vishale vya kukusogeza huku na kule, maana ukishakaribia sana, kioo hakitoshi tena kuonyesha mchoro wote. Mwanzoni nilikuwa napotea. Nadhani niko kwenye jani, kumbe nimeuvamia mkia wa tausi, na nikija kushtuka nimeshaupaka rangi ya shina. Sista alicheka, akaniambia nirudi mbali kwanza, nijue niko wapi, ndipo nikaribie. Sipendi kuchekwa, lakini nilijifunza.

Mama alikuja kutoka Migori mwaka uliofuata kifo cha kaka yangu. Kaka alikuwa mvuvi upande wa kisiwa cha Mfangano. Mtumbwi wao ulipinduka, wenzake wakaogelea hadi nchi kavu, yeye hakuonekana. Ziwa lilipokataa kabisa kumrudisha, wazee walikata yago, lile tunda refu na zito linaloning'inia mtini, wakalifunga shuka, tukalizika nyumbani badala yake kama desturi yetu inavyotaka. Mimi nililia. Mama hakulia. Alisema hawezi kukililia kitu kisicho na uso.

Na uso hatukuwa nao. Kitambulisho chake kilizama naye, na picha zake za shule zilioza chini ya bati lililovuja. Tulibaki na picha moja tu, iliyoletwa matangani na mvuvi mwenzake: wanaume wamejipanga mstari ufuoni Sindo, sura zao ndogo kama punje za maharagwe. "Yuko hapo, huyo wa mwisho," alituambia yule mvuvi, akaelekeza kwa mdomo, maana mikono yake ilishika sahani ya chakula, na huku kwetu mdomo unatosha kuelekezea kitu chochote. Mama akamwona mtu wa mwisho, mwenye kofia iliyoteremka hadi kwenye nyusi. Tangu siku hiyo picha ile ilikaa kifuani mwake, ndani ya nguo.

"Nasikia hiyo mashine yenu inavuta vitu karibu," aliniambia kwa Kijaluo. "Nivutie mwanangu. Nitamdarizi mwenyewe, uso wake ukae pale nyumbani."

Sista aliingiza picha kwenye kompyuta, akatuachia chumba. Kabla ya kuigeuza vijiraba, programu ilikuruhusu kuizungukia picha na kuchagua kipande unachokitaka. Mama alikuwa amevua viatu, amekaa ncha ya kiti, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa na daktari. Nilibonyeza ile lenzi ya kujumlisha. Mwenye kofia akakua.

"Vuta karibu tena," Mama alisema.

Nikabonyeza. Alikuwa anaamini kabisa kwamba kila tukikaribia tutaona zaidi, na mwishowe tutachungulia hata chini ya ile kofia. Badala yake kilijitokeza kidevu, chembamba, kimechongoka. Mama akakitazama kwa muda.

"*Ok en*," alisema. Siye.

"Mama, picha imechakaa."

"Nyara, binti yangu, kidevu hicho sikukizaa mimi."

Nikakaribia zaidi, nikitafuta cha kumbishia, na yule mtu akavunjika vipande vya kahawia na vyeusi, asibaki mtu yeyote. Hasira ilinipanda. Mwaka mzima mama yangu alikuwa amemlaza kifuani mtoto wa mwanamke mwingine! Nilimlaani yule mvuvi na sahani yake. Kisha nikakumbuka ule mdomo. Mstari una mwisho huku na mwisho kule, na mdomo hauna kidole.

Nikarudi mbali hadi sura zikarudi kuwa sura, nikaanza kusogea kwa kishale cha kushoto, mtu mmoja baada ya mwingine. Mama alimpima kila mmoja. Siye. Siye. Huyu ana masikio ya kwao Rongo, siye. Tukafika mwisho wa mstari na hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkono tu, umetokea ukingoni mwa picha upande wa kushoto, umevaa sweta ya bluu yenye utepe wa njano kwenye kifundo.

Sweta ile Mama aliifuma mwenyewe. Uzi wa bluu ulimwishia akiwa kwenye mkono wa pili, akamalizia kwa njano, na kaka alilalamika mpaka akachoka, akaivaa. Mama aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Sogeza."

"Picha imeisha, Mama."

"Sogeza kidogo tu. Bega si lile pale?"

Nikabonyeza kishale. Hakuna kilichosogea. Nikabonyeza tena na tena, kwa sababu alikuwa anakitazama kidole changu, na sikuwa na moyo wa kukiondoa. Aliyepiga picha alikuwa amemkata kaka yangu, basi. Najua wavuvi huazimana sweta. Wazo hilo lilinijia palepale nikalimeza.

Ndipo Mama akalia. Alipiga ukemi ule ambao hakuupiga matangani, "Wuoda! Yawa, wuoda!", mwanangu, jamani, mwanangu, na wanawake wa kituo wakaja mbio, wakajaa chumbani, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuvua viatu. Nilimshika kiunoni. Na mimi nikalia naye, safari hii si kwa ajili ya tunda.

Niliugeuza ule mkono kuwa mchoro. Sista alishauri tuuweke katikati ya kitambaa, upendeze. Mama akakataa. Alitaka ukae mwisho kabisa wa kulia, na upande wote wa kushoto uachwe mweupe. Aliudarizi huko Migori, taratibu, akautundika ukutani juu ya kiti chake.

Nilipokwenda kumtembelea, ule weupe uliniudhi. Kitambaa kilionekana kama kazi iliyotelekezwa. Mama akiwa jikoni, nikakiteremsha, nikatunga uzi wa kijani, nikaanza kudarizi majani pale peupe. Aliingia na chai, akaiweka chini, akaja akanishika mkono.

"Toa sindano hapo," alisema. "Kaka yako amesimama hapo."