Boriti Iliyojisokota

Nilikuwa mwanafunzi wa ujenzi, na nilijua machache tu, kiasi cha kunikosesha usingizi. Nilikwenda sokoni Rodi Kopany kumwona mama, aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza la duka jipya. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba miti ya kushikilia slabu, lile paa la zege juu ya baraza, haipo.

Zege la slabu ile lilikuwa limemwagwa majuzi tu. Lilichomoza mbele ya duka likishikwa na boriti moja iliyopita juu ya mlango, na miti ya mkaratusi ilipaswa kuibeba mpaka zege likomae. Mama, macho yakiwa kwenye cherehani, aliniambia miti imeazimwa msibani kujenga kivuli cha waombolezaji. Nani angewanyima wafiwa? Hata fundi mjenzi hakuthubutu.

Nikaitazama boriti. Boriti inayopinda tu hupasuka chini, katikati. Hii ilikuwa na nyufa za mshazari karibu na ukuta, zikiizunguka kutoka uso wa nje mpaka wa ndani. Uzito wote ulikuwa upande mmoja, ukiisokota kama nguo inayokamuliwa. Na juu ya slabu mtu alikuwa ameanika mahindi.

Nilimsihi mama atoke. Akakataa, alikuwa akimalizia nguo ambayo mjane wa marehemu angevaa mazishini, na akasema chuo kimenifanya mwoga. Kweli nilikuwa mwoga. Niliogopa hata kupaza sauti pale chini.

Nikakimbia msibani. Nyuma yangu ilikuwa boriti, na mbele aibu ya kuwaomba wafiwa wabomoe kivuli chao jeneza likiwa pale pale. Wazee waliguna. Mjane alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mama yako ako chini yake saa hii?” aliuliza.

Nikasema ndiyo.

“Ng'oeni hizo miti,” akawaambia vijana. “Mtu mmoja akikufa imetosha.”

Vijana walibeba miti mpaka barazani, lakini hawakutaka kuingia chini. Niliingia mimi, mama angali anashona. Nilikuwa nikikaza mti wa kwanza mama aliponiuliza ni kivuli gani mjane amebaki nacho. Nikamjibu amekaa juani, kando ya jeneza.

Ndipo mama alipoinuka, akachukua mwavuli wake, akatoka chini ya boriti bila kunitazama.