Rangi ya Kijani Uwanjani

Katibu wa klabu alikuwa mtu wa kuingia kazini saa nne, jua limeshakausha kila kitu, halafu anajifanya anajua nyasi. Nyasi gani? Tangu azaliwe hajawahi kuzipigia magoti.

Aliyezijua ni shemeji yake, mjane wa kaka yake, mtunza uwanja kwa miaka kumi na tisa. Alfajiri moja mama huyo aliona mabaka meupe, kila moja upana wa kiganja, yametandwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Akachuma jani: doa jeupe katikati, ukingo wa kahawia. Kuvu. Akafunga maji ya jioni ili majani yasilale yamelowa. Kila asubuhi akawa anaburuta kamba ndefu uwanjani kupangusa umande, na mashine ya kukatia akaiosha kila ikitoka kwenye mabaka.

"Shemeji, unacheza na kamba na nyasi zina kiu," katibu akamwambia. "Fungulia maji, kila jioni."

"Njoo asubuhi, shemeji, nikuonyeshe."

Yeye na asubuhi wapi na wapi! Katibu akachukua ufunguo wa bomba, maji yakafunguliwa kwa amri yake. Wiki haikuisha, mabaka yakaungana. Hapo bwana mkubwa akatoa kauli: mkaguzi wa ligi akiufunga uwanja, mama kazi hana. Mama alikuwa na watoto wawili shuleni.

Siku ya ukaguzi, maajabu, katibu aliwahi. Alibeba ndoo ya rangi ya kijani na pampu ya kupulizia.

"Pulizia kabla hajafika."

"Mgonjwa hapakwi rangi, shemeji," mama alijibu, akakunja mikono.

Basi akapulizia mwenyewe, anahema, suruali kaipandisha magotini. Kwenye nyasi zilizolowa vile, rangi ikauke saa ngapi?

Mkaguzi alipiga hatua kumi, akatazama viatu vyake. Vyote kijani.

"Mtunza uwanja nani?"

"Huyu hapa," katibu alidakia, akimnyooshea kidole mjane wa kaka yake bila haya. "Nilimwonya sana."

Mkaguzi akaitazama mikono ya mama, mikavu, safi. Akakitazama kile kidole na mkono wake, kijani mpaka kiwikoni. Aliufunga uwanja miezi miwili, akaandika kwamba maji yatafunguliwa na mtunza uwanja huyu huyu peke yake.

Mama hakushangilia. Nyasi zake za miaka kumi na tisa zilikuwa zinaoza miguuni pake, na alitaka kulia. Alimdai katibu ufunguo wa bomba, akaupokea bila kumtazama usoni.