Motaboti Mbili za Fundi Mmoja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Idi Pili moja ya wakati wa Mwingereza, nilipowasha mashine ya motaboti nikamwacha mama yangu amesimama pwani ya Msasani. Nakuambia mapema ili usidhani nimekuja kujisifu. Ingawa kujisifu kidogo nitajisifu, maana nilikuwa kijana wa kupendeza na boti yenyewe ilikuwa nzuri.

Jana uliniwekea mezani karatasi mbili zenye picha za boti, ukanisomea urefu wa kila moja, nguvu ya mashine na idadi ya viti, kisha ukaniuliza, "Baba, ungekuwa wewe ungechukua ipi?" Nikakuambia nitakujibu leo. Sikuwa na shaka ya jibu. Nilitaka tu nipate nafasi ya kukusimulia bila kukatizwa, kwa hiyo kaa.

Tulikuwa tunakaa Kinondoni, wakati huo ni minazi na nyumba chache za udongo. Baba yangu, Mzee Shomari, alikuwa na shamba la minazi kule Mbezi na lori la kupeleka nazi mjini. Mwaka ule mambo yalimnyookea, akaamua tuwe na motaboti yetu. Hakuitaka ya kuvulia wala ya biashara. Aliitaka ya mandari, siku za sikukuu watu wa nyumba yetu tutoke na vyakula vyetu twende kisiwani Bongoyo, tule, tuoge, turudi jioni. Majirani walimcheka wakasema Mzee Shomari anajifanya Mzungu. Yeye akawauliza, bahari hii aliikuta babu yake hapa hapa, sasa Mzungu kaingiaje?

Pale Msasani palikuwa na fundi mmoja Mgoa aliyekuwa na motaboti mbili zimekwisha kuundwa, zinangoja wanunuzi. Baba akanituma mimi, mwanawe mkubwa, kwa kuwa nilikuwa nafanya kazi gereji na mashine nazijua.

"Nenda kachague," akaniambia. "Mama yako hatoki humu ndani tangu aumie goti. Nataka na yeye akapunge upepo."

Maneno yake niliyasikia vizuri sana. Niliitikia "Ndiyo, baba," nikatoka, na nilipofika barabarani yalikuwa yameshanitoka.

Boti zile zilikuwa pacha. Mbao za aina moja, urefu mmoja, mashine moja, mkono wa fundi mmoja. Tofauti ilikuwa hii tu: moja ilikuwa na ubavu ulioinuka juu, mbele imefunikwa kwa mbao zilizopigwa vanishi, na kioo cha kukinga upepo mbele ya usukani. Nyingine ilikuwa wazi, ubavu wake wa chini, ina mabenchi marefu pande zote mbili, na nyuma kando ya mashine fundi alikuwa ameweka kingazi cha vipandio viwili.

Nilizichunguza wiki nzima. Nilikwenda na mdogo wangu Jumbe, tukazipima kwa futi kamba, tukazikimbiza moja baada ya nyingine mpaka kwenye miamba na kurudi, Jumbe anahesabu kwa sauti. Hesabu zikatoka karibu sawa. Nilimuuliza fundi kuhusu plagi, kuhusu misumari, kuhusu rangi na petroli. Kuhusu goti la mama sikuuliza. Kusema kweli, mwanangu, nilikuwa nimeshachagua tangu siku ya kwanza nilipojiona kwenye kile kioo nimeshika usukani. Vipimo vyote vile vilikuwa vya kujihalalishia.

Baba akailipia ile yenye kioo, na Idi Pili ikafika. Mama aliamka kabla ya alfajiri akapika pilau, akakaanga samaki, akamimina mikate, akazifunga sufuria kwa vitambaa. Kisha akaoga, akavaa buibui jipya. Baba alibaki kupokea wageni wa Idi, akasema atakwenda safari nyingine. Sisi wengine tukapanda lori, mama mbele na dereva, sisi nyuma, mpaka Msasani.

Pale hapakuwa na gati. Ukitaka kupanda boti unaingia majini mpaka mapajani, unashika ubavu, unatupa mguu ndani. Dada yake baba, Shangazi Mwanaidi, mwanamke wa mwili na maneno, alipanda kwa kusukumwa huku akitutukana kwa utani. Binamu zangu wakaruka. Ikaja zamu ya mama. Alishika ubavu, akajaribu kuinua mguu, goti likakataa. Akajaribu tena. Mara ya pili aliuma mdomo, nikaona ameumia.

Mimi na Jumbe tukataka kumbeba. Pwani ilikuwa imejaa watu wa sikukuu.

"Sibebwi kama gunia mbele za watu," akasema. Hakuwa na hasira. "Nendeni wanangu. Mie narudi na dereva. Wahini, chakula kisipoe."

Nami nikaenda. Nilijiambia kwamba ameniruhusu mwenyewe, nikawasha mashine, na kabla hatujafika mbali nilikuwa nacheka. Nakuambia hili kwa aibu. Kioo kilikuwa kinakata upepo, binamu zangu wananishangilia, na mimi nilikuwa na furaha kweli kweli.

Bongoyo tulitandika mikeka mchangani. Shangazi Mwanaidi akakaa kando ya sufuria, akaweka mkono juu ya kifuniko cha pilau. Tukangoja apakue, hapakui.

"Shangazi, njaa inauma," nikamwambia.

"Aliyepika yuko wapi?"

"Si karudi nyumbani, shangazi. Goti lake unalijua."

"Basi na pilau itarudi nyumbani."

Nilicheka, nikidhani ni utani wake wa kawaida. Hakuutoa mkono kwenye kifuniko.

"Ndugu yangu kanunua hii ili wifi yangu atoke ndani," akasema. "Wewe umetubeba sie tunaozurura kila siku. Mie juzi nilikuwa Magomeni, jana Kariakoo. Mama yako mara ya mwisho alitoka lini? Hebu niambie, wewe mwanawe."

Sikujua. Nilijaribu kukumbuka, nikaona aibu inanipanda mpaka masikioni, maana plagi za mashine ile nilizijua zote.

"Alipokwambia nenda, ulidhani anataka uende?" akaniuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Mama hawezi kukwambia baki siku ya Idi. Kubaki ilikuwa kazi yako."

Tukakunja mikeka, tukapakia sufuria zikiwa bado zimefungwa, tukageuza. Binamu zangu walinuna njia nzima.

Nyumbani tulimkuta mama uani, amekaa kwenye jamvi, miguu ameinyosha. Alikuwa hajavua buibui lake jipya. Alipotuona alishtuka, akauliza kama kuna mtu kazama. Shangazi akamjibu kwamba kisiwa kilikuwa na upepo mwingi, mchanga ungeingia kwenye chakula. Mama akatutazama mmoja mmoja, akajua, akaanza kupakua. Ile pilau nimeila miaka mingi baadaye katika mawazo yangu, na kila mara inanikwama.

Wageni walipoondoka nilimweleza baba yote, bila kupunguza. Hakunigombeza. Alisema, "Umechagua wewe, utarekebisha wewe," akachukua bakora yake akaenda msikitini.

Asubuhi yake nikaenda kwa yule Mgoa. Ile boti ya pili ilikuwa imeshachukuliwa na Bwana Elia, mtu wa Bukoba aliyekuwa na duka Temeke. Nikaendesha baiskeli mpaka Temeke, nikamkuta dukani anafungua magunia ya maharage. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba tubadilishane boti.

"Yako ina kioo," akasema. "Ina ubovu gani?"

"Haina ubovu wowote, mzee."

"Sasa mtu mwenye akili atabadilisha kizuri kwa nini?"

Njiani nilikuwa nimetunga uongo mzuri kuhusu rangi. Nilipofungua mdomo ukanishinda. Nikamwambia kwamba mama yangu hawezi kuipanda, na kwamba jana nilimwacha pwani nikaenda kutembea. Bwana Elia akaliacha gunia, akafuta mikono polepole.

"Mama yangu yuko Bukoba," akasema. "Mwaka wa tatu huu sijamwona. Wanangu wanne wana miguu kama ya swala, hiyo yako ya ubavu wa juu itawafaa. Kesho njoo uchukue yako."

Jumapili iliyofuata mama alikanyaga kipandio cha kwanza, akakanyaga cha pili, mkono begani kwa Shangazi Mwanaidi, akakaa kwenye benchi akatengeneza buibui lake. Hapakuwa na mtu wa kumbeba wala wa kumtazama. Niliendesha taratibu kwa kumhofia. Tulipofika katikati akageuka akaniuliza, "Mwendo wenyewe ndio huu mliokuwa mnausifia?" Nikaongeza moto. Nikamwona anacheka, upepo unampiga usoni, na mwanangu, sijapata tena kuendesha chombo chochote kwa raha ile.

Basi jibu lako ndilo hili. Karatasi zako zikunje. Mchukue mkeo, wachukue watoto, na mchukue mama mkwe wako anayetembelea mkongojo, nendeni wote mkazipande boti zote mbili hapo hapo zilipo. Ile atakayoingia mama mkwe wako bila kuomba msaada, hiyo ndiyo yako, hata kama nyingine inang'aa namna gani. Na usiwaulize watu wako kama wanaridhika, maana wanaokupenda watakwambia wanaridhika. Watazame miguu yao.

Lakini ukikosea kuchagua, usijitese sana. Kukosea boti ni jambo dogo, nililimaliza kwa safari moja ya baiskeli. Kilichonichukua miaka kukimaliza ni ule mkono wangu uliowasha mashine wakati mama amesimama majini, buibui limelowa. Yeye alishanisamehe siku ile ile wakati anapakua.

Mwenyezi Mungu akujaalie safari nyingi na bahari iliyotulia. Akupe macho ya kumwona aliyebaki pwani akitabasamu, na akupe moyo wa kugeuza chombo kabla sufuria haijafunguliwa. Amina.