Blanketi Jekundu la Wifi

Dawa ya Kitinda niliikuta usiku, dirishani, nyuma ya pazia. Ni kile kikopo cha buluu cha kuvuta kwa mdomo, ambacho binti yangu hatoki bila kukibeba hata akienda dukani tu. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Yeye na shangazi yake walikuwa chini kwenye korongo, kule hifadhi ya milimani, na walitakiwa wawe wamerudi tangu jioni. Walisema watanipigia simu wakifika getini, maana kule chini mtandao haufiki. Simu haikulia. Nilikaa kitandani nimekishika kile kikopo mpaka kikapata joto la mkono wangu.

Aliyeitaka safari hii ni Wifi, dada wa marehemu mume wangu. Tunafanya kazi pamoja nyuma ya nyumba ya wageni hapa mjini: yeye anafua, mimi napiga pasi. Wageni wengi huja kwa ajili ya lile korongo. Wanashuka, wanalala kwenye mahema, wanapanda, kisha wanatuletea suruali zenye matope mekundu mpaka magotini. Matope yale hayataki haraka. Unayaacha yakauke, unayakung'uta, ndipo unaloweka. Ukiyavamia yakiwa mabichi, umeipaka suruali rangi. Wifi ameyakung'uta tangu akiwa na meno yote. Hana subira na kitu kingine chochote duniani, na nguo mbichi iliyolundikwa hawezi kuipita. Hata kwenye msiba wa kaka yake mwenyewe nilimkuta uani anaanika taulo, machozi yanamtiririka, vibanio mdomoni.

Siku moja aliinua suruali ya mgeni, akaigeuza huku na huku.

"Wifi," akasema, "milima hii nimeifua yote, na sijawahi kuiona."

"Si ile pale? Inua kichwa."

"Naona mgongo wake tu. Mimi nataka kuona tumbo."

"Kwa magoti hayo? Kushuka utashuka. Kupanda, watakubeba kwa machela."

"Afadhali mimi wa machela kuliko wewe unayeogopa kupanda stuli kubadilisha taa."

Ni kweli, nikisimama juu ya kiti tu miguu inakuwa maji.

Angekwenda peke yake ningecheka na kumfungia chakula. Lakini alimtaka Kitinda. Mtoto huyu ana pumu tangu mdogo, nami nimemlea kama yai: vumbi hapana, baridi hapana, ngazi polepole. Amemaliza shule, anakaa ndani, anatazama barabara. Wifi akaniuliza mbele yake, "Huyu una mpango wa kumzeeshea kabatini?" Kitinda akainua macho, akanitazama. Alinitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu baba yake yupo hai. Nikasema haya, nendeni. Nilifunga sweta, nikafunga soksi, nikauliza kuhusu dawa. "Mama, hiyo nimeshaiweka," akanijibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa.

Kulipopambazuka nilikifunga kikopo kwenye leso, nikakitia kifuani, nikapanda gari la wafanyakazi wa hifadhi.

Askari wa getini alikuwa kijana mrefu, darubini shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti yangu na wifi yangu hawajapanda."

"Tunajua, mama. Mto ulifunika njia jana, sasa maji ndiyo yanapungua. Wageni wengine walioshuka nao waliwahi kutoka. Wao nadhani waliingia kwenye kile kibanda cha mawe." Akanyoosha kidole chini. "Ila kuna kitu chekundu."

"Kitu chekundu gani?"

Akanipa darubini. Nilikumbatia nguzo kwanza, ndipo nikatazama. Chini kabisa, kando ya kibanda kidogo kama kiberiti, kitambaa chekundu kilikuwa kinapepea.

"Kila anayeshuka tunamwambia hapahapa," alisema askari. "Ukipata shida, tundika kitu chekundu kwenye ile kamba ya dharura nje ya kibanda. Nimeshawaita wenzangu wa geti la juu, wanakuja na machela. Wakifika, tunashuka."

"Watafika lini?"

"Barabara imekatika. Labda mchana."

Nikatoa kikopo. "Mtoto wangu akibanwa na kifua, hiki ndicho kinachomfungua. Twende sasa."

"Njia inateleza sana, mama. Nipe mimi nikipeleke."

"Unajua kumvutisha mtu aliyeanza kuhangaika? Anakusukuma, anakataa, ameuma meno?"

"Hapana."

"Basi tangulia."

"Ulishawahi kushuka sehemu kama hii?"

"Hata stuli sijawahi kupanda."

Akanitazama, akachukua kamba, akanifunga kiunoni na ncha nyingine akajifunga mwenyewe. "Ukiteleza, kaa chini," akasema. "Usijaribu kuwa shujaa."

Sitaeleza uzuri wa korongo, maana sikuuona. Niliona visigino vya buti za askari. Njia imechongwa ubavuni mwa mwamba, na upande wa pili hakuna kitu, hewa tu na mngurumo wa maji kwa chini. Niliikamata minyororo iliyopigiliwa ukutani, nikaisemesha miguu yangu kimoyomoyo: weka wewe, sasa weka wewe. Mara moja niliteleza, nikakaa kama nilivyoambiwa, na matope yakanijaa mkononi. Yalikuwa yale yale mekundu. Nimeyapigia pasi maisha yangu yote na sasa yameniingia kwenye kucha. Nikasimama, nikaendelea.

"Wifi yako ndiye yule mama mwenye maneno?" askari akaniuliza, nadhani ili nisitazame chini.

"Ndiye."

"Alinisema kuhusu kola yangu. Mimi nasoma masharti ya hifadhi, yeye ananyoosha kidole: 'Kijana, kola hii nani anakufulia? Mwambie anakuonea.'"

Nikasimama. "Ulikuwa umefika sharti gani?"

Akafikiri. "Sikumbuki. Nilikuwa naificha kola."

Tulipofika bondeni nilikuwa wa kwanza kukiona vizuri kile kitambaa. Kilikuwa blanketi letu, lile la kitanda cha Kitinda, limelowa mvua na kukamuliwa. Limeanikwa upande wa ndani nje ili jua lisile rangi, vibanio kwa nafasi sawa. Kando yake soksi, kila moja na mwenzake. Nikaangua kicheko.

"Mwanangu," nikamwambia askari, "hakuna aliyeomba msaada hapa. Huyu kaanika nguo."

"Kwenye kamba ya dharura?"

"Yeye akiona kamba, anaona kamba. Na mtu mwenye mgonjwa haaniki soksi kwa jozi."

Nilipomaliza kusema hivyo, kicheko kikanikauka. Niliziona zile taulo za msibani, zimenyooka hivi hivi, nafasi sawa hivi hivi. Wifi haaniki kwa sababu mambo ni mazuri. Anaanika tu.

Nikafungua kamba kiunoni, nikakimbia na magoti yangu haya. Mlango ulikuwa wa mbao nene, umefungwa kwa komeo kwa ndani. Nikagonga. Kimya. Nikaita, "Kitinda!" Kimya. Nikaita, "Wifi, nifungulie!" Wifi ambaye hajawahi kukosa la kunijibu, hakujibu. Askari akaweka bega mlangoni. Nikamzuia kwa mkono, kwa sababu nilisikia kitu: filimbi nyembamba, inakuja, inapotea, inakuja. Ninaijua filimbi hiyo. Nimelala nayo chumba kimoja miaka yote.

Komeo likavutwa polepole. Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Kitinda alikuwa na macho mekundu na midomo mikavu, amejifunga koti la shangazi yake, kidole amekiweka mdomoni.

"Usipige kelele, mama," akanong'ona kwa vipande. "Shangazi ndiyo kwanza amelala. Ameniegemeza kifuani kwake usiku kucha, nimekaa wima. Asubuhi nilipopata nafuu, akatoka kuanika, akarudi akaanguka kama mzigo."

Nikampa kikopo. Akavuta, akafumba macho, akavuta tena. Alipoyafumbua, alitazama matope kwenye gauni langu, akapandisha macho juu ya mwamba niliotoka, akanirudia.

"Umeshuka na miguu ya nani?"

"Hii hii."

Akacheka, akakohoa, akasogea pembeni, na kuufungua mlango wote.