Mwanamke Asiyeitikia Salamu

Sifa njema ni za Mola aliyeniumba, akanisitiri, akanivusha bahari na miaka mingi, na leo akanipa macho ya kuandika haya bila miwani ya kuazima. Na amani imfikie Mtume wake, na watu wake wote.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Si jirani, si rafiki wa rafiki. Niamini au usiniamini, lakini usome mpaka mwisho.

Kwanza unijue. Nina miaka sitini na minne. Nilizaliwa Mombasa nikahesabiwa mwana wa kiume, nikasoma chuoni hadi nikahitimu, nikasomesha watoto wa watu Kurani miaka sita. Leo ni mwanamke, na hapa Marekani watu kama sisi wanaitwa transjenda. Naishi Euless, mji mdogo jirani na Dallas, karibu na uwanja wa ndege, ambako nilipanga maboksi katika bohari moja miaka kumi na mmoja kabla ya kustaafu. Naswali swala zangu tano. Na nikishaswali isha, mara moja moja natoka. Napenda baleski. Ni maonyesho ya jukwaani ya kuvua nguo kwa madaha, kwa muziki, manyoya na glavu ndefu, na zaidi ya yote kwa vichekesho. Najua wapo watakaoacha kusoma hapa. Sina ugomvi nao. Mola wangu ananijua, nami namwomba msamaha asubuhi na jioni kwa ninayoyajua na nisiyoyajua.

Aliyenizoesha kutoka ni Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu. Anaishi Sharpstown, kule Houston, na anahudumia wagonjwa hospitalini. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake anayeniita shangazi. Siku moja, jikoni kwake, tukiwa wawili tu na sufuria ya wali, nilimwambia jambo linaloninyima usingizi. Kwetu mwanamke akifa huoshwa na wanawake, na mwanamume na wanaume. Mimi je, nitaoshwa na nani?

Alizima jiko. "Shangazi, nitakuosha mimi. Maji ya vuguvugu, na nywele nitakusuka mwenyewe."

Tukaandika wasia, akauweka kwenye droo yake. Tangu siku ile nililala.

Sasa sikiliza. Mwezi uliofuata tulikwenda kuona onyesho pale Houston, ukumbi mdogo wenye viti vya chuma. Zuhura akaniambia, "Shangazi, kaa hapa, nakuletea soda yako ya tangawizi. Usimkonyeze mtu kabla sijarudi."

"Nikikonyezwa mimi je?"

"Basi uni-text."

Jukwaani alitoka mama mmoja mnene, wa umri wangu, amevaa ovaroli ya bohari. Kila nguo aliyoivua aliikagua kwa ile mashine ya kusoma lebo, tiii, akaitupa kwenye boksi. Mimi niliyeishika mashine ile miaka kumi na mmoja nilicheka hadi machozi. Ukumbi mzima ulicheka. Kushoto kwangu tu kulikuwa kimya.

Kulikuwa na mwanamke amekaa pale. Sikuona alivyofika. Gauni jeusi, mtandio, harufu ya udi kama ya nyumbani hasa. Usinitanie: ndiyo, nilitazama kwato. Hakuwa nazo. Miguu ilikuwa miguu.

Nikamtolea salamu ya Kiislamu. Hakuitikia. Alisema tu, kwa Kiswahili cha Mombasa kitupu, "Leo umependeza."

Mimi ni mtu niliyesoma. Najua asiyeitikia salamu ni wa kutazamwa mara mbili. Nikajiambia muziki una kelele. Na hapo nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa kwetu hafanyi: sikumuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mtu wa pwani ukikutana naye ugenini, hilo ndilo la kwanza. Lakini kwa miaka mingi nimeacha kuwauliza watu ukoo wao, maana ukiuliza, nawe utaulizwa.

Akaniinamia sikioni. "Huyo aliyekuleta alizungumza na watu wa Mombasa Jumapili. Wamemuuliza nani atakuosha. Amewaambia, aoshwe na wanaume, kama alivyozaliwa. Eti maji ya vuguvugu! Eti nywele atakusuka!"

Maneno yale niliambiwa jikoni, watu wawili, mlango umefungwa. Yamefikaje kwa mtu wa nje kama Zuhura hakuyasema? Wewe ungefikiri nini?

Zuhura aliporudi na soda, kiti kile kilikuwa kitupu. Sikumwambia kitu. Hilo ndilo kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Tangu usiku ule nikawa mpelelezi. Zuhura akikata simu mimi nikiingia, nahesabu. Akizungumza na wanawe Kiingereza cha haraka, nahesabu. Nikimtajia ndugu zangu wa Mombasa, anageuza mazungumzo. Kila kitu kikawa ushahidi. Safari moja alipokuwa kazini nilifungua droo, nikachukua wasia wangu, nikautia mkobani, nikarudi Euless bila kumuaga. Alipiga simu, sikupokea. Akapiga tena. Miezi saba ikapita hivyo, na usingizi wangu ukaondoka nayo.

Mwezi huo wa saba nikasema nitoke, nisije nikakauka. Nikaendesha gari hadi Dallas, peke yangu, kwenye ukumbi ambao sikuwahi kuingia. Taa zilipozimwa nikaisikia ile harufu ya udi. Yuko kushoto kwangu.

"Sasa tumebaki wawili," alisema. "Nipe hiyo karatasi iliyomo mkobani. Nitakuosha mimi."

Hakuna binadamu aliyejua kuwa usiku ule karatasi ile nilikuwa nayo.

Ndipo nikamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akalitaja jina la baba yangu. Akamtaja babu, na baba wa babu, akapanda hivyo hadi wa saba, kwa mpangilio na kwa pumzi ileile ya marehemu baba alipokuwa akituhesabia. Hata Zuhura hawajui wale.

Nikaanza Ayatul Kursi, aya ya kufukuzia majini. Nilitaraji nini? Moshi? Ukelele? Alinisikiliza kwa adabu. Na nilipoteleza kwenye neno moja, palepale ninapoteleza tangu nikiwa chuoni, alinisahihisha. Polepole, kama mwalimu.

Niliinuka. Sikugeuka. Mlangoni, msichana mkagua tiketi akaniuliza, "Mama, unaondoka mapema? Na pacha wako anabaki?"

Niliendesha gari usiku huo hadi Houston. Nilifika Sharpstown kwenye adhana ya alfajiri ya simu yangu. Zuhura alifungua mlango, tayari amevaa nguo za kazi. Hakunikumbatia.

"Ulisema wanaume ndio watakaoniosha?" nikamuuliza hapo hapo kizingitini.

"Nani amekwambia?"

"Mwanamke mmoja, ukumbini."

"Mwanamke gani?"

"Simjui."

"Humjui." Alichomoa simu mfukoni. Kisha akasema, "Mimi unanijua, shangazi."

Akanipa simu yake nisome. Kweli watu wa Mombasa walimuuliza, ami zake, ndugu zangu mimi. Naye aliwajibu kuwa ataniosha yeye, na asiyetaka asije. Tangu hapo hakuna aliyempigia, hata siku ya Idi. Zile simu alizokuwa akizikata ni alizopiga mwenyewe kuwabembeleza ami zake wapokee salamu. Alinificha nisihuzunike. Na katika muda huohuo, mimi nami nikawa sipokei simu zake.

Yule mwanamke alikuwa nani? Sisemi kwa yakini. Tumesomeshwa kwamba kila mtu ana karini wake, jini aliyezaliwa naye, anayejua yote yake na kumtia wasiwasi kifuani. Sijamwona tena. Udi nimeacha kuufukiza, maana siwezi kutofautisha wa kwangu na wake.

Wasia umerudi Sharpstown. Zuhura amenisamehe, na bado tunatoka pamoja, na bado ananiletea soda. Lakini kila akinipigia, kabla ya kukata huniuliza, "Shangazi, kuna lingine umelisikia juu yangu?" Huuliza kwa upole. Nami humjibu hakuna, na namsikia akingoja kidogo, kama asiyeniamini. Simlaumu. Hofu niliyoilea miezi saba, sasa iko kwake, na sijui dua ya kuitoa.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayesoma. Ukikutana na mtu anayekuletea habari za wako, muulize kwanza yeye ni nani na wa nani, hata kama wewe mwenyewe hupendi kuulizwa. Kisha nenda kwa huyo aliyesemwa, umuulize usiku uleule. Usilale nalo.

Mola akuepushe na wasiwasi wa majini na wa watu, akubakishie hata mmoja wa kukushika mkono, na siku yako ikifika, uoshwe na wanaokupenda. Amina.